Beseni la Mwenyekiti

Hamugembe, Bukoba

Kemilembe mwanangu,

Salamu tumepeana asubuhi na chai tumekunywa pamoja, kwa hiyo niruhusu niende moja kwa moja. Paka anakwenda na wewe Mwanza. Yale niliyosema ulipokuwa unafunga viatu, kwamba abaki hapa kwangu, yafute.

Naandika kwa sababu najijua. Nikisubiri urudi kutoka Kishanda kumuaga bibi yako, nitaanza habari za mvua na kahawa, tutakula, tutalala, na kesho jioni utapanda meli mimi sijasema kitu. Mwenyekiti mwenyewe amelala kwenye kiti changu, ndiyo maana naandika nimekaa kwenye stuli ya karakana na mgongo unauma. Tangu siku alipoingia nyumba hii, kijipaka cha kubebwa kiganjani, alivipita viti vyote akachagua changu. Jina alijipa mwenyewe.

Habari za kula vizuri, kwenda misa, kuchagua marafiki na kutoamini kila anayekuita dada, shangazi yako ameshakuambia mara nyingi hadi mimi nimezikariri. Mimi nitakuambia habari ya choo cha paka. Najua utacheka. Marehemu mama yako naye angecheka, kwamba mume wake, aliyeapa kuwa paka hatalala ndani ya nyumba yake, amekaa mchana huu akiandika barua kuhusu kinyesi chake.

Unakumbuka ilivyoanza. Kabla ya kugongwa, Mwenyekiti alikuwa paka wa Hamugembe kama wenzake. Usiku yuko migombani, mchana yuko kwenye kiti, na haja zake anazifukia kibanjani, humo humo chini ya migomba, wapi hatujui wala hatuulizi. Halafu ile bodaboda ikamvunja mguu wa nyuma, na daktari wa mifugo akasema akae ndani mpaka mfupa uunge. Ulimlaza kwenye kanga ya mama yako. Nilifungua mdomo niseme neno kuhusu ile kanga, nikaona uso wako, nikaufunga.

Basi ukamwagiza mtu akuletee kutoka Mwanza mfuko wa mchanga wa paka wa dukani. Nilipoupapasa nikagundua si mchanga, ni udongo wa mfinyanzi uliokaushwa na kuvunjwavunjwa. Kwa bei yake ningepata misumari ya kumaliza kitanda kizima. Nilisema maneno mengi siku ile. Nilisema sisi watu wa udongo, tunaoukwangua kwenye viatu kila masika, leo tunanunua udongo. Nilijiona nimesema jambo la maana sana.

Lakini si bei iliyonikera kweli, mwanangu. Kila ulipoumimina kwenye beseni, vumbi lilipanda, na kifua chako, ambacho tangu utotoni hakipatani na vumbi, kikaanza kupiga filimbi. Ulikuwa unakwenda jikoni kukohoa ili nisisikie. Nilikuwa nasikia. Nikajua ikifika siku ya kuchagua kati ya kifua na paka utamchagua paka, maana wewe ni mtoto wa mama yako, na sikutaka ufike huko. Ndipo nikasema niachie mimi, nitapata kitu cha asili, cha bei ndogo, kisicho na vumbi. Matatizo yetu yakaanzia hapo.

Ya kwanza yalikuwa maranda, na sijui kama nimewahi kukueleza vizuri kilichotokea. Niliwaza, mtu ana karakana imejaa maranda hadi magotini, atahangaikia nini? Nikafagia chini ya benchi, nikajaza beseni, nikakuletea kama zawadi. Jioni paka anatoa udenda, macho yanamchuruzika, anajilamba nyayo kama mtu aliyekanyaga pilipili. Wewe hukunilaumu. Ulimwosha miguu kwa maji na sabuni, ukaniuliza, "Baba, hizi mbao zilipakwa nini?"

Wiki ile nilikuwa nakata mbao za kenchi za paa la mteja, zilizochovywa dawa ya mchwa. Nyingine zilikuwa paini mbichi, bado zinanukia utomvu. Nilijua yote mawili. Ni mimi niliyezipiga randa. Ila nilikuwa nimejiuliza swali moja tu, kwamba ni bure au si bure, na nilipopata jibu sikuuliza tena. Daktari wa mifugo alituambia kwamba paka hana taulo, taulo lake ni ulimi, kila anachokanyaga mchana atakilamba jioni. Na ile harufu ya paini mbichi tunayoisifia, kwa mapafu na ini la kiumbe mdogo vile ni mzigo. Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea, ingawa nakumbuka nilisingizia njaa.

Mhaya akikwama hukimbilia kahawa, nami sikuwaaibisha wazee wangu. Nilikwenda Kishanda, nikarudi na gunia la maganda makavu ya kahawa kwenye bodaboda, nimelikumbatia njia nzima. Nilijisifu kwamba haya hayana dawa ya mchwa, ni mali ya bibi, nimeyaona kwa macho yangu yakitoka mashineni. Bahati nzuri safari hii ulinilazimisha nipige simu kwanza. Yule daktari akaniambia kwenye maganda yale hubaki kidogo kile kinachotufanya sisi tukeshe, na moyo wa paka haukuumbwa kwa ajili ya hicho. Akasema kidogo, ndani ya beseni la kila siku, si kidogo tena. Gunia nikalimwaga kibanjani. Migomba ilishukuru, ila mimi nilinuna.

Majivu hayakumaliza siku. Yakiwa makavu ni vumbi kuliko lile la dukani, yakilowa yanachoma nyayo. Na pumba laini za mashineni unazikumbuka, usijifanye umesahau. Kuku wa jirani waliingia sebuleni mmoja mmoja kama wageni wa arusi, wakala choo cha paka chote, na yule kipofu wa jicho moja akataga kwenye beseni. Ulicheka hadi ukaketi sakafuni. Ilikuwa mara ya kwanza nakusikia ukicheka hivyo tangu tumzike mama yako. Nilisimama mlangoni na ufagio nikawa sitaki kuwafukuza wale kuku.

Halafu nyasi. Nyasi zilikuwa wazo langu zuri, na bado nazitetea. Nyasi laini zilizokatwa fupi, zikakaushwa juani, hazina vumbi, hazina dawa, ziko kila mahali. Mwenyekiti alizipenda siku ya kwanza. Alikuwa anaingia kwenye beseni, anachakura, anakaa kwa heshima, anafukia, anatoka. Zilinywa maji kidogo mno na zikilala zimelowa zinaota ukungu, kwa hiyo tulikuwa tunabadilisha asubuhi na jioni, lakini tulijua tumeshinda. Niliwaambia hata wateja.

Kisha ikaja Krismasi, nasi hatukuwa na wa kumwachia paka, tukaenda naye Kishanda.

Hivi ni nani kati yetu alipaswa kukumbuka? Wewe umezaliwa kwenye nyumba ya sakafu ya saruji. Lakini mimi nimekulia kwenye ile sebule. Najua bibi yako, hata baada ya kuwekewa saruji, sikukuu haiwi sikukuu kwake mpaka atandaze nyasi mpya chini, kila kona, ndivyo mgeni anavyoheshimiwa. Nilizikata mwenyewe alfajiri ile. Nilizitandaza kwa mikono hii. Wazee wa jumuiya wakaketi, chakula kikaletwa, katekista akasimama kubariki. Na Mwenyekiti, anayechechemea bado, akatembea taratibu hadi katikati ya sebule, mbele ya miguu ya katekista, akatazama pande zote kama anayeshangaa ukubwa wa beseni alilojengewa. Akachakura.

Sala ile ilikuwa ndefu na sisi wawili tulikuwa tumefumba macho nusu. Nilitamani ardhi inimeze. Nilimnyakua yule paka na kumtoa nje kwa hasira, nikarudi nikiomba radhi kwa kila mzee kwa jina lake, na nikasema mbele ya watu wote kwamba kesho anabaki huko huko Kishanda, akajifunze adabu.

Bibi yako ndiye aliyenizuia. Alikuwa ameshazoa nyasi zilizochafuka na kutandaza nyingine, amekaa, ametulia.

"Mwanangu, paka huyu ni wa nani?"

"Ni wa Kemilembe, Mama."

"Nani alimfundisha kwamba nyasi ni choo?"

Nikaanza kuokota nyasi zilizoganda kwenye suruali yangu.

"Waitu, mwanetu, ni nyinyi mliomfundisha. Amefanya mlichomwambia, mahali msipopataka. Sasa unamwadhibu kwa kuwa mtii?"

Wazee walicheka, katekista akacheka zaidi, tukala. Mimi sikucheka. Nilidhani bibi yako anazungumzia paka.

Tukarudi mjini, na mwezi uliofuata nikaitwa Ngenge kufunga milango ya nyumba mpya. Huko wanalima mpunga, na nyuma ya mashine ya kukoboa nikaona kilima cha maganda, yale magumu ya nje, si pumba. Nilitaka kujaza gunia papo hapo. Nikajizuia. Nilichukua konzi moja, nikasugua, nikanusa, nikapuliza nione vumbi lake. Nikamwuliza mwenye mashine kama mpunga ule uliwekwa dawa ya wadudu ghalani, na maganda yamekaa nje muda gani, yamenyeshewa au la. Alinitazama kama mnunuzi wa dhahabu aliyepotea njia. Akanipa gunia bure na la pili akaniwekea juu, nadhani ili niondoke.

Jibu lenyewe, hata hivyo, ulilipata wewe. Maganda peke yake hayanywi maji, mkojo ulipita ukatulia chini. Ni wewe uliyechana magazeti ukayatandika chini, ukaniomba maranda manene ya mbao kavu isiyopakwa kitu, bila unga wake, ukayachanganya na maganda. Ni wewe uliyeyaingiza kidogo kidogo ndani ya nyasi, kila siku ukizidisha, hadi nyasi zikaisha na Mwenyekiti hakujua alihamishwa lini. Nilikuwa nakutazama kutoka karakana. Nilijisemea, huyu anaweza kwenda popote.

Na sasa unakwenda. Umepata kazi kwenye duka la dawa, umepata chumba ghorofani, na mama mwenye nyumba amekuambia kwenye simu, nikisikia mwenyewe, "Paka sawa, binti. Harufu hapana. Siku nikinusa kitu kwenye ngazi, mmoja wenu atahama." Nimempenda mama huyo. Anasema jambo likaeleweka.

Kwa hiyo yale machache. Mpunga Mwanza si haba, tafuta mashine ya kukoboa na uulize maswali yangu yale yale, hata wakikutazama vibaya. Maganda yaanike juani kabla ya kuyaingiza ndani. Kinyesi ukitoe kila siku, usingoje pua ikuambie, maana pua ya mwenye paka huzoea na ya mwenye nyumba haizoei. Beseni lioshe kwa sabuni na maji ya moto, na ile dawa ya chooni inayogeuka nyeupe ukiitia maji usiiguse, wewe mtu wa dawa unajua kuliko mimi kwamba ni sumu kwa paka. Uchafu wake usiumwage kwenye mchicha hata kama mtu atakuambia ni mbolea. Nawa mikono. Na siku utakapobeba mimba, sijasema lini wala sijauliza lolote, kazi ya beseni aifanye huyo mwingine. Kama hataki kulisafisha, utakuwa umeshamjua.

Nimesema yale machache, naona yamekuwa mengi. Sasa niseme lililonifanya nichukue kalamu.

Asubuhi nilikupa sababu za kumwacha paka. Chumba ni kidogo. Safari ni ndefu. Mwenye nyumba ni mkali. Ulinisikiliza umeshika kamba ya kiatu. Nilitaka ubishe, Kemilembe. Nilikuwa nimejiandaa ubishe, hata sauti ya kukukemea nilikuwa nayo tayari. Ukasema, "Sawa, Baba." Ukavua kiatu, ukanichukua mkono mpaka kwenye beseni, ukanionyesha gazeti linakaa vipi, maganda kiasi gani, kijiko kiko wapi. Ulikuwa unanifundisha kazi ambayo ulidhani ninaitaka. Kisha ukapanda bodaboda, ukaenda, na hukugeuka nyuma.

Nimekaa na ile "Sawa, Baba" tangu asubuhi. Nilikufundisha utii mimi mwenyewe, kwa miaka mingi, na nilijivunia ukiwa mtoto watu wakikusifu. Leo umeutumia mahali nisipoutaka, na nimemwelewa bibi yako.

Ukweli ni kwamba chumba chako si kidogo kwa paka. Naiogopa nyumba hii. Naogopa kesho kutwa jioni, nikifunga karakana, nikiingia ndani na hakuna anayepumua. Nilidhani nikibaki na paka nitakuwa nimebaki na kipande chako. Nilitaka nikutoze kitu kwa kuondoka, na kwa kuwa sikuweza kukuzuia wewe, nikamzuia yeye. Hilo si jambo la kumfanyia mtu unayempenda, nami nakupenda sana, mwanangu. Sidhani nimewahi kuliandika neno hilo. Limeandikika vizuri tu.

Ulipoondoka niliingia karakana nikapiga sanduku la safari. Utalikuta mlangoni. Ni mbao kavu, haina rangi, haina vanishi, haina dawa, kingo zote nimezipiga msasa, na gundi nimeweka mahali ulimi haufiki. Mbele nimeweka fito ili aone meli na meli imwone. Chini nimetandika gazeti. Nimepanga na mfuko wa maganda ya Ngenge pembeni, ili huko ghorofani aingie kwenye harufu anayoijua, apate usingizi usiku wa kwanza. Wewe pia utalala vizuri ukimsikia anachakura. Najua, kwa sababu mimi nimelala vizuri nikiwasikia nyinyi wawili.

Wala usinionee huruma. Nitapita Kishanda mara nyingi zaidi, bibi yako ananidai mlango wa banda. Na nimesikia kwamba paka wake ana tumbo. Sijasema nataka kitu. Nimesema nimesikia.

Kiti changu nitakikalia wiki hii kwa mara ya kwanza bila kukipigania. Beseni la pili, lile la buluu lenye ufa, nimeliziba na kuliweka chini ya benchi. Litakuwa hapo mkija.

Maana mtakuja Krismasi, wote wawili. Nitakata nyasi alfajiri kama siku zote na kutandaza sebule nzima ya bibi yako, kona kwa kona, na wazee watakaa. Mwenyekiti akisahau Mwanza imemfundisha nini, akatembea hadi katikati na kuchakura, mwacheni amalize. Nitazoa mwenyewe.

Baba yako